Giza kwako peke yako: mambo ya kukagua nyumbani kabla hujamwita fundi

Ni saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza imeanza, na ghafla nyumba yako inaingia giza. Unachungulia dirishani: kwa jirani taa zinawaka, na duka la ng'ambo ya barabara bado linapiga muziki. Fundi wa karibu yuko mjini. Nauli ya bodaboda ni juu yako, na akifika huenda akakuta ni swichi ndogo tu iliyoshuka. Ataipandisha kwa kidole kimoja, na utamlipa.

Lakini upo upande wa pili. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230, na kiasi hicho kinatosha kumuua mtu mzima. Mtu anayefungua soketi bila kuzima, au anayepanda juu ya bati kushika waya wa nguzo, anaweza kuiacha familia kwa kosa la sekunde moja.

Katika makala haya tunatenganisha mambo hayo mawili: matatizo ya umeme, maji na vifaa ambayo mwenye nyumba anaweza kuyatafuta na mengine kuyamaliza mwenyewe, na mahali ambapo unapaswa kusimama na kupiga simu. Yahifadhi kwenye simu yako, maana tatizo likitokea huenda hata mtandao usiwepo.

Uliza maswali manne kabla ya kushika bisibisi

Fundi mzuri haanzi na bisibisi, anaanza na maswali. Wewe pia jiulize:

1. Ni kwangu peke yangu, au na kwa majirani?
2. Ni nyumba nzima, chumba kimoja, au kifaa kimoja?
3. Tatizo lilipotokea, nini kilikuwa kinafanyika? Kuna aliyekuwa anapiga pasi? Mvua ilikuwa inanyesha? Kuna aliyepigilia msumari ukutani?
4. Nini kimebadilika siku za karibuni? Umenunua kifaa kipya, umeongeza soketi, panya wameingia darini?

Majibu hayo manne hupunguza sana mahali pa kutafuta. Kisha shika kanuni moja: jaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha balbu, ukagusa swichi na kuhamisha plagi kwa pamoja, taa ikiwaka hutajua ni kipi kilichoponya, na kesho ikizima utaanza upya.

Nyumba nzima ina giza: anza na mita

Kama kwa jirani kuna umeme na kwako hakuna, nenda kwenye mita kwanza. Wanaotumia LUKU wanajua kwamba uniti zikifika sifuri mita hukata yenyewe. Kama nyumba ina wapangaji wengi na mita moja, usidhani mwenzako amenunua. Angalia.

Kama umenunua umeme na mita inakataa namba, sababu huwa ni chache. Ya kwanza ni kukosea tarakimu: tokeni ina tarakimu 20, na ni rahisi kuruka moja au kuingiza moja mara mbili. Mwombe mtu akusomee nne nne huku wewe ukibonyeza. Ya pili ni kununua kwa namba ya mita nyingine, kwa hiyo linganisha namba iliyo kwenye ujumbe wa simu na ile iliyo kwenye mita. Ya tatu ni kwamba tokeni hiyo imeshatumika. Usiendelee kubahatisha, kwa sababu baadhi ya mita hujifunga kwa muda mtu akikosea mara nyingi.

Ipo na sababu ya nne, inayowapata walioifunga nyumba muda mrefu. Mita za malipo ya kabla za aina hii, si hapa kwetu tu bali katika nchi nyingi duniani, zilihitaji kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mteja alipewa namba mbili za ziada zenye tarakimu 20 kila moja, akaziingiza kwa mpangilio, kisha ndipo akaingiza tokeni ya umeme. Mita ambayo haikuingiziwa namba hizo haipokei tokeni mpya. Ukirudi kwenye nyumba iliyokaa imefungwa tangu wakati huo, pigia shirika la umeme na uombe namba za kusasisha mita yako. Mita haijaharibika.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na wewe una kifaa cha kubonyezea ndani ya nyumba, angalia betri za kifaa hicho. Vingi vina betri ndogo, na zikiisha kioo huwa giza hata kama umeme upo.

Mita ikionyesha uniti zipo na bado hakuna umeme, hamia kwenye mein swichi.

Swichi inayoshuka kila ukiipandisha

Fungua kifuniko cha nje tu cha boksi la swichi, kile kinachofunguka kwa mkono. Humo utaona safu ya swichi ndogo, ambazo mafundi huziita breka. Kwa walio na kibao kilichotayarishwa cha UMETA, breka iko kwenye kibao hichohicho. Kila breka inalinda sehemu yake: taa, soketi za vyumba, jiko. Iliyoshuka, au iliyosimama katikati, ndiyo yenye kesi. Ikisimama katikati haitapanda: ishushe kabisa kwanza, kisha ipandishe.

Breka haishuki kwa ukorofi. Inashuka kwa sababu umeme umezidi kiasi chake, au waya mbili zimegusana, hali tunayoita shoti. Boksi lenye kifaa cha kuzuia mtu kupigwa na umeme huwa na swichi pana yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo hushuka pale umeme unapovuja kwenda ardhini, kwa mfano kupitia bati la friji au mwili wa mtu. Bonyeza kitufe hicho mara moja kwa miezi michache: swichi ikishuka ni nzima, isiposhuka haikulindi.

Ukitaka kumjua mkosaji, fuata hatua hizi:

1. Chomoa kila kifaa kwenye soketi zote. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu mara nyingi hukata waya mmoja tu na ule mwingine hubaki umeungwa na kifaa.
2. Shusha breka zote ndogo.
3. Pandisha swichi kubwa. Kama inashuka hapohapo, tatizo liko kwenye boksi lenyewe. Simama, mwite fundi.
4. Ikikaa, pandisha breka ndogo moja baada ya nyingine, ukingoja kidogo kila moja.
5. Breka ikishuka wakati hakuna kifaa kilichochomekwa, tatizo liko kwenye nyaya, soketi au taa za sehemu hiyo. Iache chini na utumie sehemu nyingine za nyumba mpaka fundi aje.
6. Breka zote zikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoishusha ndicho kibovu.

Mara nyingi mkosaji ni hita ya kuchemshia maji, pasi ya zamani, friji, au taa ya nje iliyoingia maji ya mvua. Taa ya nje ikikauka na tatizo likaisha, usiseme limepona. Mvua ijayo itarudi, kwa hiyo iwekewe kifuniko kisichopitisha maji.

Jambo moja hatutaki ulifanye: kubadilisha breka ya 20 kwa ya 32 ili "isisumbue". Breka ilikuwa inaulinda waya ulio ukutani. Ukiweka kubwa zaidi, breka itanyamaza na waya utaungua ndani ya dari.

Eksitensheni na hesabu ya wati

Soketi iliyobadilika rangi, plagi inayopata moto, au harufu ya plastiki inayoungua ni dalili ya waya uliolegea au mzigo uliozidi. Hesabu yake ni rahisi. Plagi yetu ya meno matatu ya mraba haipaswi kupitisha zaidi ya ampia 13. Zidisha 13 kwa volti 230, unapata wati 2,990, tuseme 3,000. Jagi la umeme la wati 2,000 pamoja na pasi ya wati 1,200 kwenye eksitensheni moja tayari ni 3,200. Umezidisha. Na eksitensheni nyingi za bei rahisi zina nyaya nyembamba zisizofika hata hizo 3,000.

Wati huandikwa chini au nyuma ya kila kifaa. Vile vinavyotoa joto, yaani pasi, jagi, jiko na hita, vichomeke moja kwa moja ukutani, kimoja kwa wakati. Eksitensheni iachie redio, televisheni na chaja za simu. Na isitumike ikiwa imezungushwa kama kamba ya kisima, kwa sababu joto hukusanyika katikati.

Kama uniti zinakwisha upesi kuliko kawaida, fanya jaribio hili. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Chomoa vifaa vyote na zima taa zote, kisha itazame kwa dakika chache. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula umeme bila wewe kujua, au umeme unavuja. Shusha breka moja moja uone ni ipi inayoisimamisha. Kama inapepesa hata mein swichi ikiwa imezimwa, tatizo liko kati ya mita na mein swichi, na hapo ni kazi ya shirika la umeme au fundi mwenye leseni.

Kifaa kimekufa: pengine ni fyuzi

Pasi au redio ikigoma kuwaka, usiifungue. Kwanza chomeka kifaa kingine unachojua ni kizima, kama chaja ya simu, kwenye soketi hiyohiyo. Chaja isipofanya kazi, tatizo ni soketi. Ikifanya kazi, hamia kwenye plagi ya kile kifaa kibovu.

Plagi ya meno matatu ya mraba ina fyuzi ndani, kijiti kidogo chenye ncha za chuma. Chomoa plagi kabisa, kisha ing'oe fyuzi kwa bisibisi. Weka mpya yenye namba ileile. Kwa kawaida fyuzi ya 3 hutosha kwa redio na televisheni, na ya 13 ni ya pasi na jagi. Kama namba imefutika, gawanya wati za kifaa kwa 230, kisha chukua fyuzi iliyo juu kidogo ya jibu.

Ipo tabia ya kufunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au uzi wa shaba. Kifaa kitawaka, ndiyo. Lakini fyuzi imewekwa ili ife kabla ya waya kuungua, na karatasi ile haifi. Fyuzi mpya ikiungua tena mara moja, kifaa kina shoti ndani. Usimlishe fyuzi ya tatu.

Ukifungua plagi ujue rangi. Kwenye nyaya za siku hizi kahawia ni waya wa moto, bluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ethi, ule unaokwenda ardhini. Nyaya za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Ethi ni ya jino refu la juu. Wapo wanaoikata kwa kuona kifaa kinafanya kazi bila yake. Kifaa kitafanya kazi hadi siku waya utakapogusa bati lake, na siku hiyo mwili wako ndio utakaokuwa ethi.

Friji halipoozi

Kwa mama anayeuza juisi, maji baridi au samaki, friji likigoma ni biashara iliyosimama. Kabla ya kulibeba kwenda mjini, angalia haya:

- Taa ya ndani inawaka? Isipowaka, rudi kwenye soketi na fyuzi.
- Kitufe cha ubaridi kimesogezwa? Watoto hukizungusha.
- Mpira wa mlango unabana? Bana noti kati ya mpira na friji, funga mlango, kisha vuta. Ikichomoka bila kukaza, baridi inatoka hapo. Osha mpira kwa maji ya sabuni. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe.
- Nyuma kuna nafasi? Friji hutoa joto kwa nyuma au pembeni. Likigusana na ukuta au likifunikwa kwa kitambaa, halipumui. Lisogeze, lichomoe, kisha futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi.
- Barafu imejaa? Barafu nene huzuia ubaridi usisambae. Lizime, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Usichokoe kwa kisu, kwa sababu ukutani mwa friza mna mabomba membamba ya gesi, na tundu moja la kisu ndilo mwisho wa friji nyingi.

Friji nyingi mpya zina gesi iitwayo R600a, ambayo hushika moto. Jina lake huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Ukihisi limetobolewa, fungua madirisha, usiwashe kiberiti, usiguse swichi.

Umeme ukikatika na kurudi, chomoa friji na ungoje kama dakika tano kabla ya kulirudisha. Mota yake huhangaika sana ikilazimishwa kuanza upya mara moja. Kama umeme wa kwenu hupanda na kushuka, kifaa cha kulinda friji ni rahisi kuliko mota mpya.

Koki inayodondosha

Weka kopo chini ya koki kwa saa moja. Ukipata nusu lita, basi kwa siku unapoteza lita 12 na kwa mwezi lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Kwa anayenunua maji kwa ndoo, hiyo ni fedha inayoonekana.

Koki ya kuzungusha hudondosha kwa sababu mpira wake wa ndani umechakaa. Kuubadilisha ni kazi ya nusu saa:

1. Funga valvu ya tangi au ya mita. Fungua koki maji yaishe.
2. Kama ni sinki, ziba tundu lake kwa kitambaa ili vipande vidogo visitumbukie.
3. Shika mwili wa koki kwa mkono mmoja au spana ya pili, ndipo ulegeze nati ya juu. Usiposhika, utalikunja bomba la ukutani.
4. Chomoa msumari wa koki. Chini yake kuna mpira. Utoe na uende nao dukani, upewe wa saizi hiyohiyo. Koki nyingi za nyumbani ni za nusu inchi.
5. Papasa mahali mpira unapokalia. Pakiwa na makovu, hata mpira mpya hautadumu. Nunua koki nzima.
6. Rudisha ukiwa umeufungua msumari nusu, ili mpira usisagike. Kaza kwa kiasi.

Maji yakitoka chini ya mkono wa koki badala ya mdomoni, kaza ile nati ndogo iliyo chini ya mkono kwa robo mzunguko. Lakini koki za kugeuza robo tu, zile za mkono mrefu, hazina mpira wa namna hii. Zikichakaa hubadilishwa nzima. Unapofunga koki mpya, zungusha tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi zake kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, ukiwa umeelekezewa ncha ya nyuzi. Ukizungusha kinyume, tepu itafumuka unapokaza.

Maji yanatoka kidogo

Uliza tena: ni koki moja au zote? Ikiwa moja, angalia chujio dogo lililo mdomoni mwa koki au ndani ya kichwa cha bafu. Hujaa mchanga na chumvi. Lifungue, lisugue kwa mswaki, liloweke kwenye siki au maji ya limau.

Ikiwa zote, panda kwenye tangi. Kuna maji? Valvu ya kutokea imefunguliwa hadi mwisho? Tope limefika usawa wa bomba la kutokea? Kumbuka pia kwamba nguvu ya maji hutokana na urefu wa tangi kutoka chini, wala si ukubwa wake. Simtanki la lita 5,000 lililokaa chini litasukuma maji kidogo kuliko la lita 500 lililo juu ya mnara wa mita nne.

Tangi likimwagika kila usiku, kosa ni la boya. Linyanyue kwa mkono: maji yakikatika, boya limewekwa juu sana au limetobolewa na kuingia maji. Yasipokatika, mpira wa valvu yake umekwisha.

Kama bili ya maji imepanda bila sababu, funga koki zote usiku, piga picha mita ya maji kwa simu, ulale. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua maji, linganisha. Namba zikisogea, bomba linavuja mahali usipopaona. Tembea juu ya njia yake, utafute majani mabichi kuliko mengine au udongo usiokauka.

Sola inazima mapema

Kwa wanaotumia paneli, mkosaji wa kwanza ni vumbi na kivuli. Futa paneli kwa kitambaa laini na maji, asubuhi kabla halijapata joto. Tazama kama mwembe uliokuwa mdogo mwaka juzi sasa unatia kivuli saa nane mchana. Hata kivuli cha tawi moja hupunguza sana umeme.

Cha pili ni vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, muunganiko umeliwa. Zima vifaa vyote, tenganisha paneli kwanza kisha betri, ukianza na waya wa hasi. Safisha kwa brashi na maji ya moto, kausha, kaza, paka grisi. Unaporudisha, anza na betri, kisha paneli.

Kama betri yako ni ya kuongeza maji, tumia maji ya betri yaliyosafishwa tu. Maji ya kisima yana chumvi, na tindikali haiongezwi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, ikisoma 12.2 iko nusu. Ikiwa chini ya 12 imekwisha, na kuizoesha hali hiyo ni kuiua. Usikaribishe moto wala sigara, maana betri inapochaji hutoa gesi inayolipuka.

Hapa simama

Kuna mambo ambayo hatukushauri uyajaribu, hata ukiwa na mkono mwepesi kiasi gani:

- Bati, ukuta, bomba au maji ya bafu yanayokupiga shoti. Zima mein swichi kama unaweza kuifikia bila kugusa vitu hivyo, toa watu nje.
- Waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo. Kaa mbali, zuia watoto na mifugo, hata kama unaonekana hauna umeme.
- Taa zinazowaka kupita kiasi huku nyingine zikififia. Zima mein swichi mara moja kabla vifaa havijaungua.
- Mita na lakiri yake. Kuikata ni kosa la kisheria.
- Ndani ya televisheni na maikrowevu. Hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.
- Kutandaza nyaya mpya. Kwa Tanzania, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe.

Na hata kazi ndogo ya kubadilisha holda ya balbu, zima mein swichi, siyo swichi ya taa tu. Mwambie kila aliye nyumbani kwamba unafanya kazi, ili mtu asije akaiwasha. Ukitumia testa, ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme. Testa mbovu nayo haiwaki.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima mein swichi. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama umeme huo ni wa waya wa nguzo, usimkaribie hata kwa mti. Pigia shirika la umeme wakate kwanza. Akishatenganishwa, kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu kwa mikono miwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpelekeni kituo cha afya. Moyo unaweza kusumbua baadaye.

Ukimpigia fundi, mweleze hivi

Kukagua kwako hakupotei hata kama umeshindwa. Badala ya kumwambia fundi "umeme umezima", mwambie: "Breka ya soketi za vyumbani, namba 20, inashuka hata nikiwa nimechomoa kila kitu, na ilianza baada ya mvua ya jana." Kwa maji, mwambie saizi ya bomba, na umtumie picha ya koki. Kwa friji, msomee kibandiko cha nyuma. Fundi atakuja na kifaa sahihi safari ya kwanza, na hutalipa nauli mara mbili.

Kesho mchana, kukiwa na mwanga, fanya kazi moja ya dakika kumi. Shusha breka moja moja, tazama nini kinazima, kisha andika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta pembeni yake: taa, sebule, jiko. Waonyeshe wote nyumbani mein swichi iko wapi na valvu ya maji iko wapi, pamoja na bibi na mtoto anayeweza kuifikia. Andika ukutani namba ya dharura ya shirika la umeme. Siku giza litakapoingia, atakayekuwa nyumbani pengine si wewe.